Kula kwa Mtu Usiyemjua: Vibanda vya Chakula vya Sumbawanga Baada ya Korona

Tangu korona ilipolegea, zimeandikwa kila mahali orodha za migahawa ya kurudia. Zinafanana mno. Kuna jina la mgahawa, jina la mpishi, sahani moja ya kusifiwa, na mwishoni msomaji anaombwa akaukumbuke mtaa wake. Kwa Nairobi orodha ya namna hiyo ina maana. Mwezi Machi 2020 migahawa ya huko ilikatazwa kukalisha wateja, ikabaki kuuza chakula cha kubeba, na ilipoanza kuruhusiwa tena mwishoni mwa Aprili iliruhusiwa kwa masharti. Kampala na Kigali watu walifungiwa majumbani. Mahali palipofungwa kwa amri panaweza kurudiwa kwa shangwe.

Sumbawanga haikufungwa. Tanzania ilifunga shule na vyuo na kuzuia baadhi ya mikusanyiko, lakini masoko na vibanda vya chakula viliendelea. Kwa hiyo anayetaka kuandika orodha ya Sumbawanga anakwama mara mbili. Kwanza, arudi wapi, ikiwa hakuna aliyefukuzwa? Pili, vibanda vingi vinavyostahili kuandikwa havina majina. Vina mahali tu: nyuma ya stendi, kando ya soko, penye mkaratusi, mkabala na geti la hospitali, kwa yule mama wa Kirando. Mhakiki wa vitabu hukabidhiwa jalada lenye jina la kitabu na la mwandishi. Mhakiki wa vibanda vya Sumbawanga hukabidhiwa sahani ya bati na benchi, na mpishi akihama benchi linabaki bila anwani.

Sitatoa orodha ya majina basi. Nitavihakiki vibanda hivi kwa aina zake, kama kinavyohakikiwa kitu kingine chochote chenye thamani: vinafanya nini vizuri, vinakosea wapi, na nini kitapotea vikipotea. Ninachodai ni hiki. Kibanda cha chakula ni mahali pa kuaminiana na mtu usiyemjua. Korona iliujaribu uaminifu huo kuliko jambo lolote la miaka ya karibuni, na vibanda vizuri vya Sumbawanga ni vile ambavyo uaminifu wenyewe unaonekana ndani ya sahani.

Tuanze na jaribio lenyewe. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na kesho yake serikali ikatangaza kufunga shule. Mama lishe waliokuwa wakitegemea wanafunzi na walimu walipoteza wateja wao kwa siku moja. Mwezi Mei Zambia ikaufunga kwa siku kadhaa mpaka wake wa Nakonde, ulio upande wa pili wa Tunduma. Tunduma ndiko barabara ya lami ya Sumbawanga inakoanzia, na malori yakisimama kule, mama lishe wa barabarani husimama nayo. Kuanzia mwezi huohuo takwimu za wagonjwa zikaacha kutangazwa kwa zaidi ya mwaka. Chanjo ilizinduliwa tarehe 28 Julai 2021.

Kati ya tarehe hizo mbili, yaani kati ya kimya na chanjo, kila mtu aliamua mwenyewe. Hapakuwa na amri ya kukaa wala ya kuondoka. Ulifika kwenye kibanda, ukaangalia benchi, ukaangalia aliyekaa, ukaangalia mkono unaopakua, ukahukumu. Nchi nyingine serikali ndiyo iliyosema kama benchi ni salama. Kwetu alisema mwenye njaa.

Sumbawanga ilikuwa na uzoefu wa hukumu ya namna hiyo kabla ya korona. Tanzania nzima ina utani juu ya mji huu. Jina lake lenyewe hufasiriwa kuwa ni amri ya kutupa uchawi, na mtumishi anayepangiwa kazi huko huagwa na wenzake kwa nasaha za nusu mzaha: angalia radi, angalia unamsalimia nani, na zaidi ya yote angalia unakula kwa nani. Utani huu umewagharimu wenyeji heshima kwa miaka mingi, na gharama hiyo hailipwi na wanaotania. Mwaka 2020 nasaha hiyohiyo ikapewa nchi nzima juu ya kila mtu. Usile kwa usiyemjua. Ghafla fundi wa Dar es Salaam akaiangalia sahani ya jirani yake kwa jicho ambalo wageni walikuwa wakiiangalia sahani ya Mfipa.

Mji unaoandamwa na utani wa sumu umejaa watu wanaokula hadharani, bega kwa bega, chakula kilichopikwa na mtu wasiyejua ukoo wake. Dereva wa basi, karani, mgonjwa aliyeruhusiwa kutoka wodini, mfanyabiashara wa mahindi kutoka Laela. Sijui jibu zuri zaidi kwa utani huo kuliko benchi saa saba mchana.

Korona iliacha alama mbili kwenye mabenchi hayo. Ya kwanza ni ndoo yenye koki. Zamani binti wa kibanda alizunguka na jagi na beseni, akakumiminia maji mezani, na maji ya mteja wa kwanza yakakaa beseni moja na ya mteja wa nne. Siku za maji tiririka, kila kibanda kililazimika kuweka ndoo na sabuni mlangoni. Vibanda vingine viliiondoa hofu ilipopita, vikarudi kwenye beseni. Vingine viliiacha hadi leo. Ndoo ninaiweka kwenye uhakiki wangu kama alama ya kwanza, na si kwa sababu ya usafi peke yake. Mpishi aliyeiacha ndoo pasipo kulazimishwa amekubali mteja aendelee kumkagua.

Alama ya pili ni hotpoti. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, miezi michache kabla ya ugonjwa, hivyo aliyeogopa benchi alilazimika kuja na chombo chake. Wapo walioizoea hotpoti wasirudi tena kukaa. Chakula ni kilekile, bei ni ileile, ila kibanda kimekuwa dirisha. Mama lishe hapotezi pesa kwa mteja huyo, lakini yule anayekaa peke yake kwenye benchi anapoteza mtu wa kuzungumza naye. Ukiniuliza nini cha kurudia Sumbawanga, jibu la kwanza ni kukaa.

Sasa sahani, tukianza na ya asubuhi. Mji uko kwenye uwanda wa juu, takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na mwezi Juni na Julai baridi yake haina mzaha. Kwa hiyo asubuhi ndipo vibanda vya Sumbawanga vinapokuwa hodari zaidi. Supu ya moto, chapati iliyotoka kwenye kikaango wakati unaangalia, na uji wa ulezi. Uji huu ndio kipimo changu. Ulezi mzuri una rangi ya udongo mwekundu uliolowa, una uchachu mdogo, na haukwaruzi koo. Kibanda kinachochanganya ulezi na unga mwingi wa mahindi ili uende mbali kinajulikana kwa funda la kwanza. Mweleze tu mwenye kibanda: “Shikamoo mama, nataka wa ulezi mtupu.” Akikujibu kwamba leo umechanganywa, umepata mpishi wa kumrudia, hata kama uji wa leo hukuupenda.

Mchana ni wa ugali na maharage, na hapa uwanda wenyewe unaingia sahanini. Wafipa wamelima tangu zamani kwa ntumba: majani hukatwa na kurundikwa, yakafunikwa kwa udongo kuwa vilima vidogo vya duara, yakaozea humo. Maharage hupandwa juu ya vilima hivyo. Msimu unaofuata vilima hutawanywa, na shamba lililorutubika kwa majani yaliyooza hupandwa nafaka. Maharage na nafaka, kwa maneno mengine, vilikutana shambani kabla hayajakutana kwenye sahani. Maharage ya kibanda kizuri cha Mazwi au Majengo hayahitaji viungo vingi. Yameloweshwa usiku, yamechemka polepole mpaka mchuzi umekuwa mzito bila unga, kitunguu kimeungua kidogo pembeni, basi. Ukikuta yanaelea kwenye maji mekundu ya nyanya ya kopo, mpishi alichelewa kuamka.

Lawama yangu kubwa, hata hivyo, ni kwa nafaka. Nafaka ya asili ya ntumba ilikuwa ulezi. Mahindi yalitanuka sana kuanzia miaka ya 1970, serikali ilipoweka bei moja ya kununulia mahindi kwa nchi nzima pasipo kujali umbali, pamoja na mbolea ya ruzuku. Mkulima wa Ufipa, aliye mbali kuliko wengi, alilipwa sawa na aliye karibu na reli. Rukwa ikaingia kwenye kundi la mikoa minne mikubwa ya mahindi pamoja na Mbeya, Iringa na Ruvuma, na hadi leo inalisha maghala ya taifa. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini matokeo yake ni kwamba leo unaweza kuzunguka vibanda vya mji wote, kutoka Chanji hadi Kizwite, ukiomba ugali wa ulezi, ukaishia kupewa sembe jeupe kama la mji mwingine wowote. Dona utalipata kwa wachache. Ulezi umebaki kwenye uji wa asubuhi, na kwenye kimea cha pombe ya kienyeji jioni. Kati ya asubuhi na jioni, uwanda unakula kama mgeni nyumbani kwake.

Simlaumu mama lishe kirahisi. Ulezi una punje ndogo, kuupura na kuusafisha ni kazi ya mgongo, na chembe moja ya mchanga inaharibu sufuria nzima. Debe lake linagharimu, na mteja mwenye shilingi 2,000 mfukoni hataki kulipia historia. Lakini mhakiki ana haki ya kusema anachokikosa. Kibanda kimoja kikithubutu kupika ugali wa ulezi siku moja tu ya wiki, tuseme siku ya gulio, kikauweka wazi kwamba siku hiyo ndiyo hiyo, nitakuwa wa kwanza kwenye benchi.

Samaki ndiye anayeokoa mchana wa Sumbawanga. Mji uko katikati ya maziwa mawili. Magharibi ni Ziwa Tanganyika, na kutoka Kasanga, Kipili na Kirando huja migebuka na dagaa. Mashariki, chini ya miteremko ya Lyamba lya Mfipa, ni Ziwa Rukwa lenye perege na kambare, na bondeni humo ndimo unamotoka mchele unaopikwa mjini. Tangu barabara ya Matai hadi Kasanga iwekwe lami, safari ya samaki imefupika, na inaonekana kwenye nyama ya mgebuka: inashikana, haimong’onyoki. Mgebuka mzuri wa kibanda hukaangwa mkavu kwanza, kisha hutiwa kwenye mchuzi wa kitunguu na nyanya kwa dakika chache tu. Ukikaa mno kwenye mchuzi unageuka uji wa miiba.

Samaki huyu pia ndiye anayekuonyesha kama mpishi ni mkweli. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 uvuvi wa Ziwa Tanganyika ulisimamishwa, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka, ili samaki wazaliane. Miezi mitatu kama hiyo humlazimisha mwenye kibanda kuchagua. Anaweza kuuza samaki mkavu wa zamani na kumwita mbichi. Anaweza kuuza perege wa Rukwa na kumwita perege wa Rukwa. Au anaweza kusema tu kwamba leo hakuna samaki, kuna maharage. Vibanda vya aina ya pili na ya tatu ndivyo ninavyovipendekeza. Ninakubali kukosa mgebuka kuliko kudanganywa kuhusu mgebuka.

Nimeambiwa mara nyingi kwamba mgeni apelekwe kwenye kumbi za hoteli na za mikutano, ambako kuna viti vya kuegemea. Viti ni vizuri kweli. Chakula ni cha warsha: wali, pilau, kuku, kabichi iliyochemshwa, tikiti maji. Kimepangwa kumfaa mtu mwenye posho anayetoka popote, na kwa sababu hiyo hakimwambii amefika wapi. Chipsi mayai nazo ni hivyohivyo. Sizidharau, zimewapa vijana wengi kazi yenye kipato cha jioni, na usiku wa baridi sahani ya chipsi za moto ni rafiki. Ila chipsi hizo utazila Tabora, utazila Tanga, na ukifumba macho hutajua uko wapi.

Nikifika kwenye moto, uhakiki unakuwa mgumu zaidi. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Mtu aliyesimama karibu na jiko la mama lishe kwa saa moja, akalia machozi ya moshi, hawezi kuupinga mkakati huo. Wala hawezi kuupinga anayeujua msitu wa Mbizi, ulio juu ya mji, wenye mbega wekundu na vyanzo vya maji. Lakini maharage ya saa tatu hayapikiki kwa mtungi mdogo wa gesi kwa faida. Mtungi ukiisha katikati ya wiki, kinachofutwa kwanza ni maharage, na kinachoingia mahali pake ni kitu cha kukaanga haraka. Tusipozungumza juu ya masufuria ya kanieneo makubwa, au bei ya kujaza mtungi, tutasafisha moshi na kufuta sahani pamoja. Sahani hiyo ndiyo chakula pekee cha bei nafuu chenye protini kwa kibarua.

Na nyuma ya moto kuna mtaji. Kibanda kimepona korona kwa daftari: mteja aliyepungukiwa aliandikwa, muuza mchele alimwandika mama, naye muuza mkaa vivyo hivyo. Kila mmoja alimbeba mwenzake. Baadaye daftari hilo lilihitaji fedha za kulifuta. Mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo asilimia 4 yake ni ya wanawake, ilisitishwa mwezi Aprili 2023 na kurejeshwa katika mwaka wa fedha wa 2024/25. Muda huo wote aliyehitaji gunia la mchele kesho asubuhi alikuwa na mlango mmoja wazi, ule wa wakopeshaji ambao mtaa umewapa jina lao sahihi: kausha damu. Anayeshangaa kwa nini kipande cha samaki kimekuwa kidogo, au kwa nini uji umechanganywa, ahesabu riba ya kila wiki kabla ya kumlaumu mpishi. Mwanamke aliyeaminiwa na wateja wake wote kipindi cha hofu hakuaminiwa na taasisi yoyote kipindi cha nafuu.

Hivi basi ndivyo ningemwelekeza mtu anayepanda Ufipa baada ya miaka hii. Asubuhi, kabla ya saa mbili, tafuta uji wa ulezi karibu na stendi au soko, na uulize kama umechanganywa. Mchana fika saa sita na nusu, maana kwenye kibanda kizuri maharage huisha kabla ya saa nane, na kuisha kwake ni sifa. Tazama ndoo mlangoni. Uliza samaki anatoka ziwa gani. Jibu likija haraka na kwa jina la mwalo, kaa. Likija la kuzungukazunguka, agiza maharage. Usidai chenji ya shilingi 200 mbele ya foleni, na usikope ikiwa unazo. Siku ukisikia kuna mahali wanapika ugali wa ulezi, tuambiane.